Plastiki Iliyochoka: Namna ya Kufungua Kompyuta Kongwe Isivunjike

Sauti yenyewe ni ndogo: tak! Fundi anaganda, kiganja kikiwa bado juu ya kasha, na anajua kabla hajatazama kwamba kulabu ya ndani imekatika. Kompyuta hiyo ilikaa stoo miaka 30 bila kuguswa. Ikavuka bahari ndani ya kontena, ikapakiwa kwenye bodaboda, ikafika mezani nzima. Kisha ikavunjika ndani ya sekunde moja, kwa sababu bisibisi ilichomekwa ubavuni na mtu akanyanyua.

Wapenzi wa kompyuta kongwe wanaijua sauti hiyo vizuri mno. Wengi huilaumu plastiki: imezeeka, imekauka, ingevunjika tu. Ni kweli plastiki huchoka, na sababu zake zinafahamika. Lakini plastiki iliyochoka huweza kuendelea na kazi yake kwa miaka mingi ikiwa haisumbuliwi. Kinachoimaliza ni saa ile inapofunguliwa, inapofungwa na inapohamishwa. Saa hizo zote zimo mikononi mwa mwenye mashine, na ndizo zinazostahili maandalizi.

Kwa wasomaji wa Tanzania hasara ya namna hii inauma zaidi. Mwaka 1974 nchi ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Miaka ambayo watoto wa Ulaya na Marekani walikuwa wakicheza na Commodore 64 sebuleni, mashine hizo hazikuwa bidhaa ya duka la Kariakoo. Kwa hiyo mtu aliyebahatika kupata moja leo hana ya pili ya kuchinja ili apate kipuri. Aliyo nayo ndiyo hiyo hiyo, pamoja na kulabu zake zote.

Kwa nini inakuwa kama biskuti

Makasha mengi ya kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 yalimiminwa kwa plastiki iitwayo ABS, ileile inayotengeneza matofali ya kuchezea ya Lego. Herufi hizo tatu ni majina ya vitu vitatu vilivyounganishwa: akrilonitrili, butadieni na stireni. Stireni huipa plastiki mng'ao na wepesi wa kumiminwa kwenye kalibu. Akrilonitrili huipa ugumu na ustahimilivu dhidi ya kemikali. Butadieni ni mpira, na huo mpira ndio uhai wa kasha. Umetawanyika ndani ya plastiki kama chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ufa ukianza kutembea hukutana na chembe hizo, nguvu yake ikamezwa, ukasimama.

Tatizo ni kwamba mpira huo ndio dhaifu kuliko vyote mbele ya oksijeni. Joto na mwanga wa jua vikisaidiana na hewa, butadieni iliyo karibu na uso wa plastiki hubadilika taratibu, ikaacha kunyumbuka. Kasha likabaki na ngozi nyembamba iliyokakamaa juu ya plastiki ambayo ndani bado ni nzima. Likipindwa, ngozi hiyo hupasuka kwanza, na ufa ule mdogo ukaongoza njia hadi ndani. Ndiyo maana kipande kinachoonekana imara kwa kutazama huvunjika ghafla, bila kupinda kwanza.

Rangi ya njano isimdanganye mtu. Njano hutokana kwa sehemu na plastiki yenyewe kushambuliwa na hewa, na kwa sehemu na kemikali zenye bromini zilizochanganywa humo ili kasha lisishike moto. Ni dalili kwamba mwanga na joto vimepita hapo, lakini si kipimo cha nguvu. Kipo kipande cha njano kama manjano ambacho bado kinapindika vizuri, na kipo cheupe kilichokauka kabisa.

Umri nao si kipimo kamili. Mfano ulio wazi ni Apple. Macintosh Plus ilianza kuuzwa mwaka 1986, na kasha lake kwa kawaida bado ni gumu na lenye afya. Lakini makasha ya Quadra 800 ya 1993, ya Quadra 840AV ya mwaka huohuo na ya Power Macintosh 8100 ya 1994, mashine changa zaidi kwa miaka 7 na 8, yanajulikana duniani kote kwa kubomoka vipande vipande. Wakusanyaji wameipa plastiki ya kipindi hicho jina la Michael Spindler, aliyeiongoza Apple kati ya 1993 na 1996. Mwenye mashine ya namna hiyo anapaswa kuichukulia kuwa imekwisha kukauka hata kama inang'aa, na kila hatua apige kwa tahadhari ya juu kabisa.

Kabla bisibisi haijashikwa

Kazi ya kufungua kasha huanza na macho. Tochi ya simu ikimulikwa kwa ubavu, ikiwa imelala karibu na uso wa plastiki, huonyesha nyufa nyembamba kama unywele ambazo mwanga wa juu hauzioni. Mahali pa kutazama ni palepale kila mara: kuzunguka matundu ya skrubu, kwenye pembe kali za ndani, kwenye mizizi ya kulabu, na mahali kifuniko kinapoegemea bawaba. Kona yenye ncha kali ndiko nguvu zote hukusanyika, na karibu kila ufa huanzia hapo.

Baada ya macho, utafiti. Kampuni kubwa ziliandika miongozo kwa ajili ya mafundi wao, yenye michoro ya kasha likiwa limetenganishwa, na mingi kati yake inapatikana kwenye intaneti. Dakika 20 za kujua kulabu ziko ngapi, ziko wapi na zinalegea kuelekea upande gani zina thamani kuliko gundi yoyote. Anayejua kwamba kifuniko kinashikwa nyuma hatakivuta kutoka mbele.

Halafu joto. Plastiki ikiwa baridi huvunjika upesi zaidi. Ikiwa vuguvugu hunyumbuka kidogo, na huo kidogo ndio unaotafutwa. Mashine iliyofika kwa ndege kutoka Ulaya wakati wa baridi iachwe ndani ya boksi lake siku nzima ipate joto la chumba. Asubuhi ya Julai huko Njombe au Limuru si saa ya kufungua kasha. Mchana ni bora. Sehemu yenye kulabu inaweza kupashwa kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye moto mdogo, ikipitishwa huku na huko kwa dakika mbili tatu, hadi plastiki iwe na joto ambalo mkono unaweza kulishika bila kuchomwa. Mashine kali ya joto inayotumika kubabua rangi isikaribie kabisa. Kwa sekunde chache tu hupindisha ukuta mzima wa kasha, na ukuta uliopinda haurudi.

La mwisho kabla ya kuanza ni mikono. Mafuta mengi ya kujipaka dhidi ya mbu yana dawa iitwayo DEET, na dawa hiyo hulainisha na kuharibu plastiki za aina nyingi. Anayefanya kazi jioni pwani akiwa amejipaka mafuta hayo huacha alama za vidole ambazo hazitafutika. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe. Meza itandikwe taulo nene, ili kasha lisikwaruzwe na skrubu ikianguka isipotee.

Commodore 64, hatua kwa hatua

Commodore 64, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ni mwalimu mzuri kwa sababu kasha lake ni rahisi na bado watu huliumiza. Chini yake, kwenye ukingo wa mbele, pana skrubu tatu. Zikitoka, nusu ya juu ya kasha, yenye kibodi, inabaki imeshikwa nyuma na kulabu za plastiki zilizoingia kwenye matundu ya nusu ya chini. Hapo ndipo msiba hutokea. Mtu huona mbele pamelegea, akadhani kasha limefunguka, akavuta juu kwa nguvu. Kulabu zote za nyuma zinapindwa kwa mara moja upande usio wao.

Namna ya salama ni kuinua ukingo wa mbele taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayefungua kifuniko cha sanduku la nguo, hadi uwazi utoshe kiganja kuingia. Hapo asimame. Ndani kuna nyaya zinazounganisha nusu hizo mbili: ya kibodi, na ya taa ndogo nyekundu ya umeme. Zinachomolewa kwa kushika soketi yenyewe, bila kuvuta waya. Waya ukibaki umeunganishwa, ndio utakaomfanya mtu ashtuke, avute upande na kuvunja kulabu aliyokuwa ameiepuka. Zikishatoka, nusu ya juu inabaki imeinama vilevile, kisha inasogezwa kidogo kuelekea upande ambao kulabu zinalegea. Kulabu zinateleza kutoka kwenye matundu yake bila hata kunong'ona.

Kufunga ni safari hiyohiyo kinyume: kulabu za nyuma zinaingia kwanza kasha likiwa limeinama, macho yakihakikisha kila moja imekaa kwenye tundu lake, ndipo mbele panashushwa. Kasha likikataa kukaa, kuna kitu kimebanwa: waya, ngao ya ndani, au kulabu iliyopanda juu ya ukingo. Jibu lake ni kuinua tena na kutazama. Kulipiga kwa kiganja likae ni kulivunja.

Kadi kuukuu na subira

Makasha yanayoshikwa kwa kulabu za kubonyeza yanahitaji kifaa chembamba na laini kuliko plastiki yenyewe. Bisibisi bapa ni adui. Ncha yake ya chuma huelekeza nguvu zote kwenye eneo dogo kuliko punje ya mchele, na ikiteleza huacha kovu. Kadi ya benki iliyokwisha muda wake hufanya kazi vizuri zaidi, na ni ya bure. Vipande vitatu au vinne vilivyokatwa kwa mkasi hutosha mashine nyingi. Kijiti cha mianzi, kama kile cha mshikaki, nacho husaidia kusukuma ulimi ulio ndani ya tundu.

Siri ya kazi ni kugawa nguvu. Kadi ya kwanza inaingizwa kando ya kulabu, ukingo unafunguka milimita moja au mbili, na kadi inaachwa palepale ili kulabu isirudi. Kisha ya pili inakwenda kwenye kulabu inayofuata. Kila kulabu ilegezwe kidogo kabla yoyote haijaachiwa moja kwa moja. Anayefungua upande mmoja hadi mwisho wakati upande wa pili bado umeng'ata, analigeuza kasha zima kuwa nyenzo ya kuvunjia kulabu zilizobaki. Na kulabu haihitaji kupindwa sana. Milimita mbili mara nyingi zinatosha kuitoa kwenye ukingo wake. Zaidi ya hapo ni kuiua.

Macintosh LC ya 1990 inaonyesha vizuri jambo hili. Kifuniko chake kinashikwa nyuma na ndimi mbili za plastiki, moja kila upande. Mtu mwenye haraka hunyanyua ulimi mmoja kwa kidole gumba, ukakatika mkononi. Ndimi hizo zinyanyuliwe pamoja, kwa pande zote mbili, baada ya kupashwa joto, huku kiganja kikisaidia ukingo wa kifuniko wenyewe kupanda. Uzito wa kifuniko usiachiwe ndimi peke yake.

Macintosh ndogo zenye kioo ndani yake, tangu ile ya kwanza ya 1984, zina mtego mwingine. Skrubu mbili zimezama ndani kabisa ya mpini wa juu, na zinahitaji bisibisi ya nyota ya namba T15 yenye shingo ndefu. Zikitoka zote, kasha la nyuma bado hung'ang'ania la mbele, maana yamebanana kwa usahihi. Mafundi wa zamani walikuwa na koleo la pekee la kupanulia mwanya huo. Waliolikosa walichomeka bisibisi, na makovu yao yanaonekana hadi leo kwenye mashine nyingi. Bila koleo hilo, mashine ilazwe kifudifudi juu ya taulo, kasha la nyuma livutwe juu kidogo kidogo kwa pande zote kwa zamu, kadi zikiingizwa kwenye mwanya unapofunguka. Na kabla mkono haujaingia ndani, ikumbukwe kwamba tyubu ya picha inaweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Asiyejua kuutoa umeme huo amwite fundi wa televisheni anayejua.

Skrubu na nguzo zake

Nguzo ndogo zinazopokea skrubu hufa kimyakimya. Skrubu inayoingia kwenye plastiki hujichongea njia yake mara ya kwanza inapofungwa kiwandani. Ikirudishwa na kuanza kuzungushwa kulia moja kwa moja, huchonga njia mpya juu ya ile ya zamani. Baada ya mara tatu nne nguzo haina kitu cha kushika, au imepasuka kwa urefu wake.

Dawa yake inajulikana na mafundi wengi wa redio. Skrubu inawekwa kwenye tundu, kisha inazungushwa kwanza kushoto, polepole, hadi kidole kihisi imeshuka: tik. Hapo meno yake yamekutana na njia ya zamani. Sasa ndiyo izungushwe kulia kwa vidole, na isimame pale inapoanza kukaza. Bisibisi ya umeme haina nafasi katika kazi hii.

Kompyuta za kupakata zina nguzo za aina nyingine. Katika PowerBook za kwanza, zilizotoka Oktoba 1991, na nyingi zilizofuata, skrubu za bawaba huingia kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki. Plastiki hutanuka kwa joto takriban mara nne kuliko shaba. Kila siku ya joto na kila usiku wa baridi, viwili hivyo vinavutana. Ongeza bawaba ambayo grisi yake imekauka ikawa ngumu: mtu anafungua kioo, bawaba inakataa kuzunguka, na nguvu yote ya mkono inakwenda kung'oa nati kutoka kwenye nguzo yake.

Kwa mashine hizo kinga ni bora kuliko tiba. Kioo kifunguliwe kwa mikono miwili au kwa kushika katikati ya ukingo wa juu, kamwe si kwa kona moja. Bawaba inayogoma ilegezwe na kupakwa grisi nje ya kasha, kabla haijavunja kitu. Na kasha likiwa limeshafunguliwa kwa kazi nyingine, nguzo ambazo bado ni nzima zizungushiwe gundi ya epoksi ya mirija miwili, kama mwashi anavyoongeza zege kwenye msingi, kwa uangalifu isiingie ndani ya nati.

Kwa jumla, idadi ya mara kasha linapofunguliwa ipunguzwe. Kazi zikusanywe zifanyike kwa pamoja: kutoa betri ndogo ya ndani kabla haijavuja na kula madabodi, kubadilisha kapasita, kusafisha vumbi, kupiga picha za kila waya. Anayefungua mara moja kwa mwaka kwa kazi tano anaitesa plastiki mara moja. Anayefungua mara tano kwa udadisi anaitesa mara tano.

Visafishaji vinavyoua

Asetoni, ambayo ndiyo huwa ndani ya viondoa rangi ya kucha vingi, huyeyusha ABS. Thina na petroli navyo viwekwe mbali. Hatari isiyoonekana upesi ni ya vipuliziwa vya kulainisha vyuma na kusafisha soketi, pamoja na dawa za mbu za kupulizia chumbani: mafuta na vimiminika vilivyomo vikifika kwenye plastiki ambayo tayari imevutwa na skrubu au kulabu, vinaweza kuanzisha nyufa mahali ambapo hapakuwa na dalili. Vidonge vya nafthalini vinavyowekwa kabatini dhidi ya nondo hutoa mvuke unaolainisha baadhi ya plastiki. Hata waya wa umeme ukiachwa umezungushwa juu ya kasha kwa miaka, mafuta ya kulainishia yaliyomo kwenye ganda lake huhama, yakachimba mfereji unaofuata umbo la waya.

Kinachotosha ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba na brashi laini ya rangi kwa nyufa za uingizaji hewa. Ganda lioshwe likiwa tupu, likaushwe kivulini.

Tangu mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta wamekuwa wakirudisha weupe wa makasha kwa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayotumika saluni kugeuza rangi ya nywele, ikisaidiwa na mwanga wa jua. Matokeo huvutia macho, ingawa njano mara nyingi hurudi. Lakini njia hiyo hurejesha rangi tu. Mpira ulioharibika ndani ya plastiki haurudi, na kipande chembamba kikianikwa kwenye jua la saa saba la Dodoma kinaweza kupinda kabla hakijawa cheupe. Kwa kasha lililokwisha kuwa kama biskuti, njano ni ya kuvumiliwa.

Stoo na safari

Kuna kanuni ya jumla ya wakemia kwamba mabadiliko mengi ya namna hii huenda kasi takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kwa hiyo stoo iliyo chini ya bati bila dari, ambayo mchana huwaka kama tanuri, inaizeesha mashine mara kadhaa kuliko chumba cha chini chenye kivuli. Mahali pazuri ni ndani ya nyumba, mbali na dirisha, juu ya rafu inayobeba kitako chote cha mashine. Khanga kuukuu ya kufunikia huzuia vumbi na mwanga. Kitu kizito kisiwekwe juu, maana plastiki iliyobeba mzigo kwa miaka hulegea na kupasuka hata bila kuguswa. Sponji za zamani nazo zisiachwe zikigusana na kasha. Huoza na kuwa unga unaonata.

Safari ndiyo mtihani mkubwa. Kinachovunja kasha njiani ni uzito wa vitu vya ndani. Katika Macintosh ndogo, tyubu nzito ya kioo imefungwa kwa skrubu nne kwenye nguzo za plastiki za kasha la mbele. Boksi likidondoshwa, tyubu inataka kuendelea na safari na nguzo zinabaki na kazi ya kuizuia. Katika kompyuta zinazosimama wima kama Quadra 800, pawasaplai na diski hufanya vivyo hivyo. Vinavyoweza kutolewa vitolewe na kufungwa peke yake. Mashine ivikwe mfuko mwembamba, izungushiwe plastiki ya mapovu, iwekwe kwenye boksi imara, na boksi hilo liingie ndani ya jingine kubwa, kukiwa na angalau sentimita 5 za kitu laini kila upande. Magazeti yaliyokunjwa husinyaa njiani na kuacha mashine ikicheza. Gundi ya tepu isiguse kasha lenyewe. Ikibanduliwa hutoka na ngozi. Kama mzigo unakwenda kwa basi la mkoani, ni heri ukae miguuni mwa abiria kuliko kwenye buti chini ya magunia.

Kikishavunjika

Pamoja na uangalifu wote, siku moja sauti ile itasikika. Kazi isimame palepale. Kila kipande, hata cha ukubwa wa punje ya ulezi, kiokotwe na kuwekwa kwenye bahasha yenye maandishi ya kilikotoka, kwa sababu kingo zilizovunjika bila kuguswa hurudiana kwa usahihi ambao hakuna msasa unaoweza kuufikia.

Gundi ichaguliwe kwa kazi. ABS huungana vizuri na ABS kwa asetoni kidogo iliyoyeyushiwa vumbi la plastiki ileile, ikipakwa kwa kijiti na kubanwa. Hapo asetoni, adui wa usafi, inakuwa rafiki kwa sababu inachomelea pande mbili kuwa kitu kimoja. Kiungo hicho kiachwe saa 24 au zaidi kabla ya kubebeshwa kazi. Supaglu hushika haraka, lakini kiungo chake ni kikavu na kulabu iliyounganishwa nayo hukatika tena mara ya kwanza inapopindwa. Pia mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki. Ikinyunyiziwa magadi soda hugeuka jiwe mara moja, jambo linalofaa kujaza nguzo iliyobomoka, si kulabu inayotakiwa kunyumbuka. Epoksi ni ya kuimarisha kutoka ndani, pamoja na kiraka chembamba cha plastiki kilichovushwa juu ya ufa. Ufa unaoendelea kutembea ukutani husimamishwa kwa kutoboa tundu la milimita 1 kwenye ncha yake, ili nguvu zisipate tena pembe kali ya kuanzia.

Kabla ya gundi yoyote, kipande kigeuzwe upande wa ndani. Sehemu nyingi za miaka ya 1990 zina herufi zilizochorwa humo zinazotaja aina ya plastiki, kama ABS au PC. Herufi PP au PE zikionekana, gundi za kawaida hazitashika, na heri kutafuta kipande kingine. Kwa sehemu zilizopotea kabisa kuna msaada ambao haukuwepo zamani: wapenzi wa kompyuta huchora kulabu, ndimi na vifuniko na kuvigawa kama faili za kuchapishwa kwa printa za 3D. Mwenye kasha zima sasa hivi angefanya wema mkubwa akizipima kulabu zake na kuzipiga picha kabla hazijakatika.

Na kasha linapofungwa, ndani ya kifuniko ibandikwe karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli kwa ajili ya mtu atakayelifungua baadaye, ambaye huenda akawa mwenyewe baada ya miaka 10. Tarehe. Idadi ya skrubu na ipi fupi, ipi ndefu. Betri imetolewa. Kulabu ya katikati nyuma imeungwa, isibebeshwe uzito. Nguzo ya mbele kushoto ina ufa, skrubu yake ishike tu, isikazwe.